UCHAMBUZI: Mtoto asiyepona kikohozi na ugonjwa unaoitwa 'wa Wazungu'

BINTI wa rafiki yangu niliyesoma naye shule ya upili alinijia afisini hivi majuzi akiwa amekumbatia bahasha kubwa ya kaki iliyochakaa pembeni. Ndani yake mlikuwa na picha tano za eksirei ya kifua, kijitabu cha afya ya mama na mtoto, na kadi mbili za matibabu ya kifua kikuu. "Baba, nyinyi watu wa magazeti mnafahamiana na madaktari wakubwa," akaniambia. "Nisaidieni nijue mtoto wangu anaugua nini."

Mtoto mwenyewe ni msichana wa miaka mitatu ambaye amekuwa akikohoa tangu akiwa na miezi miwili. Hula kumshinda kaka yake mkubwa, ilhali alipopimwa mara ya mwisho alikuwa na kilo 9.8, uzani ambao watoto wengi wa kike huufikia wakiwa na mwaka mmoja na miezi michache tu. Choo chake kina mafuta yanayong'aa na harufu kali isiyo ya kawaida. Mara mbili amepewa dawa za kifua kikuu kwa miezi sita, ingawa vipimo havikupata viini vya ugonjwa huo. Na kuna jambo moja ambalo mama huyo alilieleza kwa haya, kana kwamba alichelea kudhaniwa mshirikina: kila anapombusu mwanawe kwenye paji la uso, huonja chumvi.

Daktari mmoja kijana aliyemsikiliza hadi mwisho aliandika kwenye barua ya rufaa jina la sistiki faibrosisi, na kando yake akatia alama ya kuuliza. Barua hiyo ilipofika katika hospitali nyingine, mhudumu aliyeipokea aliisoma, akatabasamu, akasema huo ni ugonjwa wa Wazungu. Kipimo hakikuagizwa.

Uchambuzi huu unahusu tabasamu hilo.

Sistiki faibrosisi ni ugonjwa wa kurithi. Mwaka wa 1989 wanasayansi wa Canada na Marekani walitambua jeni inayouleta, iliyo katika kromosomu ya 7, na kuipa jina la CFTR. Kazi ya jeni hiyo ni kutengeneza mlango mdogo katika ngozi ya seli, unaopitisha kloraidi, ambayo ni sehemu mojawapo ya chumvi. Mlango huo ukiharibika, maji hayafuati chumvi inavyopasa, na ute unaolainisha viungo vya ndani huwa mzito kama gundi. Mapafuni, ute huo hunasa bakteria na kuleta kikohozi kisichoisha. Katika kongosho, huziba mifereji inayopeleka vimeng'enya tumboni, hivyo mtoto hula na mafuta ya chakula yakapita bila kusagwa. Kwenye ngozi mambo hugeuka: chumvi ambayo ingerudishwa mwilini hutoka yote na jasho. Mama yule hakuwa akiota. Huko Ulaya, karne kadhaa kabla ya kuwepo kwa maabara, kulikuwa na imani kwamba mtoto ambaye paji lake lina ladha ya chumvi hataishi siku nyingi.

Namna ya kurithi ni ile ile ya seli mundu, ugonjwa ambao wakazi wa Nyanza, Magharibi na Pwani wanaujua vyema. Baba na mama huwa wazima kabisa, kila mmoja akiwa na jeni moja nzuri na moja mbovu. Katika kila ujauzito kuna uwezekano wa mara moja kati ya nne kwamba mtoto atapokea mbovu mbili. Kwa hivyo ile kauli ya mashangazi kwamba "kwetu hakuna ugonjwa kama huo" haina uzito wowote, wala hakuna haja ya mume kumshuku mke au mke kumshuku mume.

Je, ni kweli kwamba ni ugonjwa wa Wazungu? Ni kweli kwamba wao huupata zaidi. Takwimu zinazotajwa sana nchini Marekani zinaonyesha kuwa huathiri takriban mtoto mmoja kati ya 3,500 wanaozaliwa na wazazi Wazungu, na mmoja kati ya 17,000 miongoni mwa Wamarekani weusi. Lakini mmoja kati ya 17,000 si sawa na hakuna. Aidha, mwaka wa 1999 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa badiliko moja la jeni hiyo, liitwalo 3120+1G>A, linapatikana miongoni mwa Waafrika weusi na lina asili ya bara hili. Nchini Oman na katika Muungano wa Falme za Kiarabu, ambako jamii zetu za Pwani zina damu na ujamaa wa miaka mingi, kuna badiliko jingine linalofahamika vizuri na madaktari wa huko.

Tufanye hesabu ya kukisia. Kenya huzaliwa watoto zaidi ya milioni moja kila mwaka. Kwa kiwango cha Wamarekani weusi, tungekuwa na watoto wapatao 59 wenye ugonjwa huu kila mwaka. Najua kwamba Wamarekani weusi wana mchanganyiko wa damu ya Kizungu, na kwamba si haki kuihamisha takwimu yao hadi Bungoma au Kitui. Basi tuigawe mara kumi. Bado wanabaki watano au sita kila mwaka. Wako wapi? Naamini wengi wao walizikwa, na kwenye cheti cha kifo pakaandikwa nimonia, utapiamlo au kifua kikuu.

Hapo ndipo penye fundo. Hospitali hazipimi kwa sababu ugonjwa haupo, na ugonjwa haupo kwa sababu hospitali hazipimi. Mhudumu aliyetabasamu hakuwa mjinga wala mkatili. Alirudia alichofundishwa chuoni kutoka kwa vitabu vilivyoandikwa na watu waliokuwa wakiwatazama watoto wa kwao.

Ni lazima pia niwatetee matabibu wetu. Mtoto wa Kenya anayekohoa na kukonda ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kifua kikuu, virusi vya Ukimwi, pumu au ukosefu wa chakula kuliko sistiki faibrosisi. Wako hata wale waliokaa miezi mingi wakitibiwa hiki na kile, kumbe punje ya njugu ilikwama katika njia ya hewa. Tabibu anayeanza na magonjwa ya kawaida anafanya kazi yake ipasavyo. Kosa huanza pale dawa ya kwanza inaposhindwa, ya pili ikashindwa, na bado jibu likawa ni kuirudia ile ya kwanza.

Historia yenyewe ya ugonjwa huu ilianza kwa kosa la namna hiyo hiyo. Katika miaka ya 1930, daktari Dorothy Andersen wa New York alikuwa akichunguza maiti za watoto walioaminiwa kuwa walikufa kwa siliaki, ugonjwa wa tumbo unaochochewa na ngano. Aliona kongosho zao zimeharibika kwa namna isiyolingana na siliaki, na mapafu yao pia yameharibika. Mwaka wa 1938 akatangaza kwamba huo ni ugonjwa wa peke yake. Mwaka wa 1948 joto kali liliukumba mji huo, na miongoni mwa watoto waliofikishwa hospitalini wakiwa hoi kwa kupoteza maji na chumvi, wengi walikuwa ni wa ugonjwa huo. Mwenzake, Paul di Sant'Agnese, akapima jasho lao na kukuta chumvi nyingi kupita kiasi. Msomaji wa Garissa, Lodwar au Mombasa na alizingatie hilo, maana joto lililoizuru New York kwa siku chache ndilo hali yake ya kila siku.

Kutokana na ugunduzi huo kilipatikana kipimo cha jasho, ambacho tangu mwaka wa 1959 kimefanywa kwa utaratibu ule ule. Dawa iitwayo pilokapini hupakwa kwenye mkono wa mtoto, kisha mkondo mdogo wa umeme, usioumiza, huisukuma ngozini ili jasho litoke. Jasho hukusanywa kwa nusu saa na kloraidi iliyomo ikapimwa. Ikiwa chini ya milimoli 30 kwa lita, ugonjwa hauelekei kuwepo. Ikifika 60 au zaidi, huo ni ushahidi mzito, na kipimo hurudiwa ili kuthibitisha. Katikati ya hapo, uchunguzi uendelee. Hakuna sindano, hakuna upasuaji, na hata mtoto wa wiki chache anaweza kupimwa.

Hata hivyo, usitarajie kukuta mtambo huo katika hospitali ya kaunti ndogo. Na pale unapopatikana, kuna tahadhari inayotuhusu sisi kuliko watu wa Ulaya. Utapiamlo mkali unaweza kupandisha kiwango cha kloraidi kwa mtoto asiye na ugonjwa, na mwili uliovimba kwa kukosa protini unaweza kukishusha kwa aliye nao. Kwa mtoto aliyedhoofika, basi, jibu la siku moja halitoshi; apewe lishe, apate nguvu, apimwe tena.

Kipimo cha jeni nacho kina mtego wake. Aghalabu sampuli hupelekwa ng'ambo kwa gharama kubwa, na baadhi ya maabara hutafuta tu mabadiliko machache yaliyozoeleka kwa Wazungu, hasa lile liitwalo F508del. Mtoto mweusi anaweza kurudishiwa karatasi inayosema hakuna kilichoonekana, na familia ikashangilia, ilhali badiliko lake halikutafutwa. Mzazi ana haki ya kuuliza kabla ya kutoa pesa zake: je, mtasoma jeni yote, au mtaangalia orodha fupi?

Yapo mambo yanayoweza kufanywa karibu na nyumbani. Choo cha mtoto kinaweza kutazamwa kwa hadubini ili kuona matone ya mafuta. Makohozi yanaweza kuoteshwa katika maabara ya bakteria, na kikionekana kiini kiitwacho Sudomonasi kwa mtoto mwenye kikohozi cha muda mrefu, daktari anapaswa kujiuliza maswali. Kuna dalili nyingine ambazo mzazi asizifiche kwa aibu: mtoto mchanga aliyechelewa kutoa choo cha kwanza hadi tumbo likavimba, utumbo unaotokeza nje kwenye tundu la haja kubwa, ncha za vidole zilizovimba kama virungu. Kile kijitabu cha kliniki ambacho wengi wetu hukitupa kabatini, chenye mchoro wa uzani wa kila mwezi, ni ushahidi ambao daktari bingwa ataupokea kwa mikono miwili.

Wapo watakaouliza faida ya kuujua ugonjwa ambao dawa zake hatuziwezi. Mwaka wa 2019 Marekani iliidhinisha tembe za Trikafta, ambazo zimebadilisha kabisa maisha ya wagonjwa wengi, kwa bei ya zaidi ya dola 300,000 kwa mwaka. Mwaka wa 2023 kesi iliwasilishwa mahakamani nchini Afrika Kusini ili kulegeza hataza ya dawa hiyo. Fauka ya hayo, tembe hizo hazifai kwa kila badiliko la jeni, na mengi ya mabadiliko ya Waafrika hayamo katika hesabu.

Lakini muda mrefu kabla ya tembe hizo kuwepo, watoto waliokuwa wakifa kabla ya kuingia shule walikwisha kuanza kufikia utu uzima. Walifikishwa huko na vimeng'enya vinavyomezwa pamoja na chakula, vyakula vyenye mafuta kwa wingi, chumvi ya ziada wakati wa joto, vitamini, mvuke wa maji ya chumvi wa kulainisha ute, mazoezi ya kila siku ya kupigapiga kifua ili makohozi yatoke, na antibiotiki zilizochaguliwa kwa kujua kiini kilichopo. Vimeng'enya ni ghali. Mengine mengi yaliyobaki mama anaweza kufundishwa kwa asubuhi moja. Bila jina la ugonjwa, hakuna atakayemfundisha.

Sidai kwamba serikali ianze kupima kila mtoto mchanga kwa tone la damu la kisiginoni, kama inavyofanywa kote Uingereza tangu 2007. Iwapo kuna pesa za kupima watoto wachanga, zianze na seli mundu, inayoua wengi zaidi. Ninachodai ni kidogo: mitambo michache ya jasho katika hospitali kuu za rufaa, kila mmoja na mtaalamu aliyefunzwa kuutumia, na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, ilipie kipimo hicho pale daktari wa watoto anapokiagiza. Kiongezwe pia sentensi moja katika miongozo ya kifua kikuu cha watoto: mtoto ambaye viini havikuonekana, na ambaye hakupata nafuu baada ya kumaliza dawa, asirudishiwe dawa hizo kabla ya kuchunguzwa kwa mengine.

Nilimpigia simu daktari mmoja wa watoto ninayemfahamu, naye akakubali kumwona msichana huyo. Alinionya kwamba huenda isiwe sistiki faibrosisi. Kuna kasoro za kinga ya mwili na za vinyweleo vya njia ya hewa zinazofanana nayo, na atazitafuta zote. Mama nilipompa habari hiyo hakuonekana kuvunjika moyo. Aliuliza kama alete picha zote tano au ile ya mwisho pekee. Nikamwambia alete zote, na kijitabu, na kwamba yale ya chumvi ayaseme ya kwanza kabisa.