Vali ya Moyo Inapofinyaa

Katika pwani ya Kilwa na Lindi, kama ilivyo katika sehemu nyingi za nchi yetu, anayekohoa damu hudhaniwa kuwa na kifua kikuu, na anayetweta huitwa mwenye pumu. Mara nyingi dhana hiyo ni ya kweli, wala hatuwalaumu waganga wanaoianzia. Lakini kijana anapokunywa dawa za kifua miezi nenda miezi rudi, makohozi yake yakipimwa hayaonekani vijidudu, na hali yake inazidi kuzorota, hapana budi swali liulizwe: je, moyo wake umesikilizwa?

Tunazungumzia kufinyaa kwa vali ya moyo, hasa ile iliyo baina ya vyumba viwili vya upande wa kushoto. Kwa mtu mzima mwenye afya, mlango huo una upana wa sentimita za mraba 4 hadi 6. Ukipungua ukafikia 1.5, ugonjwa umekwisha kuwa mkubwa: damu hurundikana nyuma, mapafu huingia maji, na mgonjwa hushindwa kulala chali. Chanzo chake katika nchi kama yetu, karibu kila mara, ni homa ya baridi yabisi, ambayo humpata zaidi mtoto wa miaka 5 hadi 15 baada ya maambukizo ya koo yasiyotibiwa. Koo hupona na viungo huacha kuuma, lakini kovu hubaki katika vali, likikaza mwaka hadi mwaka.

Ujauzito ndio unaoifichua siri hiyo. Damu ya mama huongezeka kwa kiasi cha asilimia 40 hadi 50, nayo yote haina budi kupita katika tundu lile lile dogo. Mwanamke aliyekuwa akilima na kuteka maji bila taabu huanza kuishiwa pumzi, na jamaa zake humwambia kwamba ni mimba tu. Hapo ndipo wasiwasi wetu ulipo mkubwa, maana saa za uchungu na zile zinazofuata ndizo za hatari, na kutoka Kilwa Masoko hadi Dar es Salaam ni kiasi cha kilomita 300, achilia mbali yule wa Songo Songo anayeanza safari yake kwa chombo cha baharini.

Utambuzi wa awali hauhitaji mitambo mikubwa. Mgonjwa alazwe ubavu wa kushoto, na chombo cha kusikilizia kiwekwe kwenye ncha ya moyo. Pigo la kwanza hulia kwa nguvu. Kisha, moyo unapojaa, husikika ngurumo nzito ya chini. Ni kweli kwamba ngurumo hiyo huyakwepa hata masikio yaliyosoma, na kliniki yenye msongamano haina ukimya. Kwa hiyo anayeshukiwa apelekwe kwenye kipimo cha mawimbi ya sauti, kinachoonyesha vali yenyewe ikifunguka na kufunga. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Muhimbili mwaka 2015, inatibu maradhi haya. Na tangu miaka ya 1980 madaktari duniani wameweza kuipanua vali kwa puto lipitishwalo katika mshipa wa paja, bila kupasua kifua.

Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliyataka mataifa yaukabili ugonjwa huu. Kwetu sisi, kazi ianzie kwa mkunga: asikilize moyo wa kila mjamzito tangu hudhurio la kwanza. Na sindano ya penisilini, ambayo aliyekwisha kuugua homa hiyo hudungwa kila baada ya wiki 3 au 4 kwa miaka mingi, iwepo daima katika zahanati, ili mtoto wa Kivinje asilazimike kuifuata Lindi mjini.