Ampuli za LED katika motokari za zamani: nani anaona, nani anapofushwa?

Kila mutu mwenye kupita usiku katika barabara ya Lubumbashi–Likasi–Kolwezi, ao ile ya kwenda Kasumbalesa, amekwisha kuona kama mwanga wa barabara umebadilika. Zamani taa za mbele zilikuwa na rangi ya manjano kidogo. Leo motokari mingi, hata zile zenye ziko na miaka makumi mbili, zinatupa mwanga mweupe wenye kuelekea buluu, na ule mwenye anakuja mbele anafunga macho. Siyo kama motokari zimekuwa mpya. Ni ampuli tu zenye zimebadilishwa: fundi anatoa ile ya halojeni, anaingiza ya LED, na kisha dakika kidogo shofere anarudia barabarani.

Sisi wa sendika ya migodi tunazungumuza jambo hili juu linatuhusu. Wafanyakazi wa ekipi ya usiku wanapita katika barabara ile. Wanatoka nyumbani wakati kungali giza, wanarudia kukiwa giza. Mbele yao kunakuja makamyo yenye kubeba shaba, kobalti na asidi. Mwezi wa 2 mwaka wa 2019, karibu na Tenke, kamyo ya asidi ya sulfuriki iligongana na bisi, na watu zaidi ya 15 wakakufa. Hatusemi kama taa njo zilileta musiba ule. Tunasema hivi: katika barabara yenye kosa moja linaweza kuua watu hesabu ile, kila kitu chenye kumupofusha shofere ni mambo yetu sisi wote. Kwa mwendo wa kilometre 80 kwa saa, sekunde mbili za kupofuka ni metre 44 zenye motokari inatembea bila mutu mwenye kuona.

Juu ya nini mashofere wanabadilisha?

Tusianze na kuwalaumu mashofere. Wako na sababu. Motokari mingi ya kwetu imetumiwa kwanza Japani, ikashuka ku bandari ya Dar es Salaam, ikapita Zambia, ikaingia kwa Kasumbalesa. Wakati inafika, plastiki ya taa imekwisha kuwa ya manjano, nyaya zimezeeka, na kioo cha ndani ya taa kimepoteza mungaro. Shofere haoni mashimo, haoni baiskeli ya makala, haoni mama mwenye kutembea pembeni ya barabara. Kisha anakuta ampuli za LED zinauzwa kila mahali, na anaambiwa kama zinakula umeme kidogo. Ile ni kweli: ampuli mbili za halojeni za kodi zinakula wati 110, na zile za LED mara mingi hazifikie nusu yake. Kwa batri na alternateri zenye zimechoka, ni pumuziko. Fundi anawasha taa mbele ya ukuta wa garaji, mwanga unaonekana mukubwa, na shofere analipa kwa furaha.

Tena LED yenyewe siyo kitu kibaya. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa zawadi ya Nobel ya fizike mwaka wa 2014 kwa kutengeneza LED ya buluu, na ile njo ilifungua njia ya mwanga mweupe wa LED wenye tunatumia leo. Tangu mwaka wa 2007 kuko motokari zenye zilitoka ku kiwanda na taa za mbele za LED. Lakini katika zile motokari, taa muzima ilifanywa kwa ajili ya LED: kioo, lenzi, na namna ya kupoza moto. Kwetu tunachukua taa yenye ilifanywa kwa kitu kimoja, tunaingiza kitu kingine. Magumu yanaanzia pale.

Taa siyo ampuli peke yake

Tuangalie ampuli ya H4, yenye iko katika motokari mingi ya zamani. Ndani yake kuko nyuzi mbili, yaani mafilama: moja ya kodi (wati 55), ingine ya plen fari (wati 60). Chini ya filama ya kodi kuko kikombe kadogo cha chuma. Kazi yake ni kuzuia mwanga usiguse sehemu ya chini ya kioo cha ndani. Vile mwanga unagonga paka sehemu ya juu, na unarudishwa chini, ku barabara. Kama kile kikombe hakiko, ao filama imesogea milimetre moja ao mbili, mwanga unapanda mu macho ya mutu mwenye anakuja mbele.

Ampuli ya LED haina filama. Iko na vipande vidogo vyenye kutoa mwanga, vyenye vimebandikwa ku pande mbili za chuma. Kama ilifanywa muzuri, vile vipande vinakaa pale pale filama ilikuwa, na kikombe kiko. Kama ilifanywa ovyo, chuma iko nene sana, vipande vimesogea, na kikombe ni mapambo tu. Hata ile ya muzuri, fundi akiiingiza vibaya, vipande vikaangalia juu na chini pahali pa kuangalia kuume na kushoto, kodi inaharibika. Kisha kuko moto: LED haitupe moto mbele, inautupa nyuma, ndiyo sababu iko na mabati ya kupoza ao kapanka kadogo. Ingia na kapanka kale katika vumbi ya kiangazi ya barabara za migodi. Kakisimama, ampuli inapungua mwanga, kisha inakufa.

Ndiyo maana hata inchi zenye uwezo zilienda polepole. Ujerumani iliruhusu mara ya kwanza mwaka wa 2020 ampuli ya LED, ile ya Osram, iingie katika taa za halojeni, lakini paka kwa motokari zenye ziko ku liste, zenye taa yake ilipimwa pamoja na ile ampuli. Hawakusema “LED ni muzuri” ao “LED ni mubaya.” Walisema: ampuli hii, katika taa hii, ya motokari hii. Kwetu, nani anapima?

Volan ya kuume, magumu mara mbili

Kuko jambo lenye watu hawalisemi sana, na katika Katanga ni la maana kuliko kwingine. Kongo inatembea kuume. Japani, Zambia na Tanzania wanatembea kushoto. Taa ya kodi haitupi mwanga sawasawa pande zote: upande wa pembeni ya barabara unapanda kidogo, kusudi shofere aone watu wenye kutembea na vibao, na upande wa katikati unabakia chini, kusudi asipofushe wenzake. Katika motokari ya Japani, mwanga unapanda upande wa kushoto. Kwao, kushoto ni pembeni. Kwetu, kushoto ni mutu mwenye anakuja mbele.

Kwa hiyo motokari ya volan ya kuume inasumbua tayari na halojeni yake ya zamani. Ukiongeza LED yenye nguvu katika taa ile ile, umeongeza nguvu ya kosa lenye lilikuwa pale. Na kuhamisha volan bila kubadilisha taa hakutengenezi kitu: volan imekuja kushoto, mwanga ungali unapanda kushoto.

Sheria ya barabara, Loi 78-022 ya tarehe 30 mwezi wa 8 mwaka wa 1978, inaomba shofere ashushe taa wakati anapitana na mwenzake. Mashofere mingi wanafanya vile, wanaweka kodi. Lakini na taa ya namna hii, mukono umetii sheria na ampuli imeivunja. Ule wa mbele anazani ni matusi, anamurudishia plen fari, na sasa wote wawili ni vipofu.

Mahali LED inasaidia kweli

Tusitupe kila kitu. Nyuma ya motokari, LED inaweza kuokoa watu. Ampuli ya zamani ya stop inachukua karibu sehemu mbili za kumi za sekunde kusudi iwake muzuri. LED inawaka pale pale. Kwa kilometre 90 kwa saa, ile tofauti ni metre 5 zenye shofere wa nyuma anapata za kupiga freni. Kwenye kioo chekundu, chagua LED nyekundu, na uangalie kama taa ya usiku na taa ya stop zinatofautiana waziwazi. Kuko ampuli za ovyo zenye hauone kama mutu amepiga freni.

Fikiri tena kamyo yenye imekufa barabarani usiku. Tunajua namna inakuwa: matawi ya miti yanawekwa nyuma, klinyota zote nne zinawashwa, kisha saa fulani batri inaisha na kamyo inabakia giza, ukuta wa chuma katikati ya njia. Klinyota ya kawaida inakula wati 21 kila ampuli. Ya LED inakula wati kidogo sana, na inaweza kuwaka mupaka asubui. Lakini hapa pia kuko sharti. Rele ya zamani inapima umeme wenye kupita. Ikikuta kidogo, inazani ampuli imekufa, na klinyota inaanza kukimbia mbio mbio. Dawa muzuri ni kubadilisha rele, kuweka ile ya elektroniki. Mafundi wengine wanaongeza rezistansi. Inafanya kazi, lakini inakula umeme ule ule wenye ulitaka kuchunga, na inapata moto mukali: isifungwe ku plastiki wala karibu na nyaya. Na kamyo ni volti 24, motokari kidogo ni volti 12. Usichanganye.

Kwa taa za mbele, kuko kazi yenye inaleta mwanga bila kupofusha mutu. Piga polishi ile plastiki ya manjano. Angalia umeme wenye kufika ku ampuli: nyaya za zamani zikikula sehemu moja ya kumi ya volti, halojeni inapoteza karibu sehemu tatu za kumi za mwanga wake. Waya munene kutoka batri, na rele yake, inarudisha ule mwanga. Kwa motokari ya Japani, tafuta taa zenye zilifanywa kwa inchi za kutembea kuume. Kama hauna uwezo, funika ile sehemu yenye kupandisha mwanga, sawa vile Waingereza wanabandika karatasi ku taa wakati wanavuka kwenda Ufaransa. Kisha pima: simama pahali pa sawa, metre 10 mbele ya ukuta, weka kodi. Mupaka wa juu wa mwanga unapashwa kuwa chini ya urefu wa taa, karibu sentimetre 10. Kama unapanda upande wa kushoto, taa yako ni ya inchi ingine. Kama hauone mupaka wowote, paka wingu la mwanga, toa ile ampuli.

Ndani ya mulango wa mugodi na inje yake

Sasa tufike ku swali letu. Ndani ya mugodi motokari haiingie bila kuangaliwa: taa, freni, jirofare, mukanda, yote. Hatua moja inje ya mulango, mufanyakazi yule yule anapanda bisi kadogo kenye hakuna mutu anakaangalia. Mara mingi transport imepewa kompanyi ya sutretansi. Sheria 17/001 ya tarehe 8 mwezi wa 2 mwaka wa 2017 imefungulia Wakongo kazi hii ya sutretansi, na sisi tunaiunga mukono. Lakini kumupa mwingine kazi ya kusafirisha watu haitoshe kunawa mikono. Sheria 16/009 ya mwaka wa 2016 juu ya usalama wa jamii inahesabu aksida ya njiani, kati ya nyumba na kazi, kuwa aksida ya kazi. Kama ni aksida ya kazi, basi taa ya bisi ni kifaa cha kazi, sawa kofia na viatu.

Ndiyo sababu tunaomba mambo matatu. Kwanza, komite za usalama na usafi, zenye sheria ya kazi inaomba ziwe ku makompanyi, ziangalie pia mabisi ya kubeba watu, usiku, mbele ya ukuta, na mapatano ya sutretansi yaandike taa waziwazi. Pili, polisi ya barabara na wale wa kontrole teknike wasiulize tu kama taa inawaka, waulize inaangaza wapi; na wakikuta kosa, watoe siku za kutengeneza mbele ya kutoza feza, juu kama kosa linakuwa paka makuta, kesho taa itabakia vile vile. Tatu, mashofere na mafundi, wandugu zetu: nyuma wekeni LED yenye inafaa, mbele mupime kwanza.

Mwenye kununua ampuli ananunua mwanga wake mwenyewe, lakini ule mwenye analipa kosa lake yuko upande mwingine wa barabara, na mara mingi amebeba wafanyakazi makumi mbili nyuma yake. Kila delege wa sendika mwenye kusoma hapa anaweza kuanza wiki hii: aombe bisi ya ekipi yake isimame mbele ya ukuta, kodi iwashwe, na wote waangalie.