Maji Yanasingiziwa

Lubumbashi, boga halilimwi kwa ajili ya tunda peke yake. Majani yake machanga, kibwabwa, ni mboga ya kulia bukari, hivyo unga mweupe unapotanda juu yake, kinachoharibika ni chakula cha leo pamoja na mavuno ya kesho. Na hukumu hutolewa upesi: maji yamezidi, jani linaoza, punguzeni kumwagilia. Imani hiyo ni makosa, tena makosa ya gharama, kwa sababu inaunyima mmea maji wakati unapoyahitaji zaidi, na ugonjwa wenyewe haupungui hata kidogo.

Chanzo cha imani hiyo kinaeleweka. Kuvu nyingi zinazoshambulia mazao haziwezi kuota mpaka jani lilowe, na mkulima aliyeona nyanya zake zikiungua baada ya mvua ya siku nyingi ana haki ya kuogopa maji. Lakini kuvu ya unga mweupe, ambayo Watanzania huita ubwiriunga na wataalamu Podosphaera xanthii, ina tabia nyingine. Spora zake huchukuliwa na upepo, nazo huota juu ya jani kavu bila kungoja hata tone moja. Jani likirowa chapachapa, nyingi huoshwa au huharibika. Mwaka 1939 mtafiti C. E. Yarwood wa California alichapisha makala kuhusu kudhibiti magonjwa ya jamii hii kwa kunyunyizia maji. Kinachotuhumiwa kuwa sumu kiliwahi kujaribiwa kama dawa.

Anayetaka ushahidi wa karibu autazame ukanda wa mikorosho wa Mtwara na Lindi, Tanzania. Mikorosho huchanua kiangazi, na ndipo ubwiriunga wake, ndugu wa huu wa maboga, hushambulia maua. Korosho za Tanzania zilishuka kutoka tani karibu 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya 20,000 msimu wa 1986/87. Wakulima kuhamishiwa vijijini na bei duni vilichangia, lakini ugonjwa huu nao umo katika sababu kubwa. Kama ungekuwa ugonjwa wa mvua, kiangazi kingeiponya mikorosho badala ya kuiangamiza. Kwetu Lubumbashi, kuanzia Mei hadi Septemba mvua ni kama hakuna, na mboga huishi kwa maji ya kumwagilia. Joto la mchana la kati ya nyuzi 20 na 27, majani yaliyosongamana na kivuli, hayo ndiyo makao ya ubwiriunga. Kuficha ndoo hakuondoi hata kimoja kati ya hivyo.

Atakayepinga atauliza: mbona unga huonekana hata majira ya mvua? Kwa sababu unyevu wa hewa na maji juu ya jani ni vitu viwili. Hewa nzito iliyonaswa katikati ya majani mengi huusaidia ugonjwa, ilhali mvua kubwa inayoyapiga majani huurudisha nyuma. Mwingine atasema kwamba kulowesha majani huleta maradhi mengine, naye anasema kweli. Ubwirivinyoya, ambao kwa Kifaransa huitwa mildiou wakati huu wetu ni oïdium, hupenda jani lililolowa. Lakini huo huanza na madoa ya njano yenye pembe, yakifuata mishipa ya jani, na ukungu wa kijivu hujitokeza upande wa chini. Kuyachanganya magonjwa haya mawili ndiko kulikozaa imani ninayoipinga. Na anayesema ni vumbi tu la barabara aangalie vizuri: vumbi husambaa kila mahali, ubwiriunga huanza kwa vidoa vya mviringo, mara nyingi kwenye majani ya zamani. Mabaka ya fedha ambayo, tofauti na unga huu, hayapanguki kwa kidole ni rangi ya asili ya baadhi ya maboga.

Kosa la utambuzi huzaa kosa la dawa. Mankozebu, inayotumika dhidi ya ubwirivinyoya, haifui dafu mbele ya ubwiriunga. Na ikipulizwa juu ya kibwabwa, inapulizwa juu ya chakula chenyewe. Panda kwa nafasi, kata majani ya chini yaliyougua mapema, mwagilia shinani, na ukitaka kuosha majani fanya asubuhi ili jua liyakaushe. Nchini Brazili, mwaka 1999, Wagner Bettiol alionyesha katika banda la mimea kwamba maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa tisa, yakinyunyizwa mara mbili kwa wiki, yaliudhibiti ubwiriunga wa maboga machanga sawasawa na dawa za viwandani. Maziwa ni ghali, najua, lakini kidole cha kupangusa jani ni bure. Kianze hicho kufanya kazi kabla mmea haujahukumiwa kufa kwa kiu.