Si Kila Mgeni Humponya Mwenyeji

Wahenga walinena: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Usemi huo ni wa hekima, nasi tumelelewa nao. Hata hivyo, shambani na msituni wako wageni ambao wakishaingia, mwenyeji haponi, huhamishwa kwake. Leo yafaa tujiulize: je, mgeni wa namna hiyo hushinda kwa nguvu zake mwenyewe, au hushinda kwa sababu amekuta mlango u wazi?

Swali hili lawahusu hasa wafanyakazi wa Dar es Salaam ambao kila mwisho wa juma hupanda basi kwenda kupalilia mashamba yao ya Kibaha na Kisarawe. Huko muhogo ni chakula, ni akiba ya mwaka wa njaa, tena ni fedha ya karo. Basi tuanze na muhogo.

MUHOGO NA ADUI YAKE

Muhogo nao ni mgeni. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioanza kuuleta Afrika katika karne ya 16. Ulipovuka bahari, wengi wa wadudu wanaoula walibaki ng'ambo, nao ukastawi. Lakini mwaka 1973 kidung'ata wa muhogo, mdudu mdogo mwenye unga mweupe mwilini, alionekana katika nchi ya Kongo. Katika miaka ya 1980 alikuwa amekwisha kufika Tanzania. Hufyonza utomvu kwenye ncha za mmea. Majani hujikunja na kusongamana, na mavuno yaweza kupungua hata kwa asilimia 80.

Mdudu huyu alipataje nguvu hiyo? Kwanza, aliwaacha nyuma wale wanaomla. Kwao Amerika wapo wadudu wanaomwinda mchana kutwa. Huku hapakuwa na wa kumzuia. Pili, wote ni majike na huzaa bila dume, hivyo mmoja tu atosha kuanzisha ukoo. Tatu, sisi wenyewe tulimbeba. Muhogo hupandwa kwa pingili za shina. Jirani humgawia jirani, naye mdudu husafiri pamoja na fungu. Nne, shamba lililojaa mbegu ya aina moja, juu ya ardhi iliyochoka, halina pa kujiegemeza kiangazi kinapokuwa kikali.

Mwaka 1981 nyigu mdogo sana alipatikana kule Paraguay. Nyigu huyo hutaga yai ndani ya mwili wa kidung'ata, na buu lake humla kutoka ndani. Alipelekwa kwanza Uingereza akachunguzwa, kisha mwaka huohuo akaachiliwa Nigeria. Baadaye alisambazwa katika nchi nyingi za Afrika, na hapa kwetu kituo cha Kibaha kilishiriki katika kazi ya kulea na kusambaza wadudu wa namna hiyo. Hans Herren, mtaalamu aliyeongoza kazi hiyo barani Afrika, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

MSAADA USIOPIMWA

Lakini tusidhani kwamba kila adui wa adui yetu ni rafiki. Mwishoni mwa karne ya 19 kunguru wa India waliletwa Unguja ili wale takataka za mji. Walikula takataka, kisha wakala mayai na makinda ya ndege wengine, na leo wametapakaa Dar es Salaam nzima. Nyigu alichaguliwa kwa sababu anamfuata kidung'ata, kunguru hachagui. Naye kunguru hapati shibe yake mbinguni. Anaishi kwa jaa tuliloliacha wazi na ndoo isiyo na kifuniko. Huo nao ni mlango.

MSITU ULIOTOBOLEWA

Sasa tuutazame msitu. Juu ya vilima vya Kisarawe iko misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, yenye mimea ambayo baadhi yake haipatikani kwingineko duniani. Msitu ulioshikana vizuri hauna nafasi nyingi za kumpa mgeni. Jua halifiki chini, na kila chembe ya maji ina mwenyewe. Lakini tanuri la mkaa likiwashwa, au miti ya mbao ikiangushwa, tundu hufunguka. Jua huingia, ndege hudondosha mbegu, na lantana, kile kichaka cha maua ya rangi rangi tulichopenda kukipanda uani, huota kabla mche wa msitu haujainua kichwa.

Mgeni huyo si lazima avuke bahari. Huko Amani, katika Usambara ya Mashariki, mti wa mesopsisi uliopandwa na watu ulienea zaidi mahali magogo yalipokuwa yamekatwa. Mti huo ni mwenyeji wa Bukoba na Uganda, na huko kwao hausumbui mtu. Tatizo basi si ugeni. Mahindi na mikorosho ni wageni pia, na wanatulisha.

TUFANYE NINI?

Kwanza, usipande pingili ya muhogo kabla ya kuikagua, na usiitoe katika shamba lenye dalili za ugonjwa. Pili, changanya aina za muhogo na upande kunde katikati, ili adui asikute meza moja ndefu. Tatu, usifyeke shamba lote ukaliacha tupu. Ardhi iliyo wazi haikosi wa kuikalia. Nne, mwarobaini ni dawa, lakini mahali pake ni uani, si kandokando ya msitu, kwa maana ndege na popo huzibeba mbegu zake. Tano, kila gunia la mkaa linalofika jikoni kwetu limetoka penye mti uliosimama. Tuupunguze matumizi yake kadiri tuwezavyo.

Waliosema "Usipoziba ufa utajenga ukuta" walikuwa wakisema juu ya nyumba. Shamba na msitu ni nyumba pia, na ukuta wake ukianguka hauinuki kwa msimu mmoja. Jumapili hii, ukifika Kibaha au Kisarawe, kabla ya kushika jembe zunguka mpaka wako, utazame ufa uko wapi.