Ukimpata Ningu, Mpige Picha Kabla Hujamkaanga

Kina Ta na kina Ma wa Izigo, wavuvi wa mialo ya Muleba na Bukoba, wachuuzi mnaobeba matenga kwa bodaboda, na walimu wangu wa shule za kata: ziwa letu la Victoria halina papa wala taa. Lakini naomba nianzie kwao, maana wenzetu wa pwani wamepata kwao somo ambalo sisi huku tunalihitaji.

Papa na taa wanazaa kidogo. Taa mkubwa aitwaye manta hubeba mtoto mmoja kwa karibu mwaka mzima, na papa wa aina nyingi hawazai mpaka wapitishe miaka kumi. Ukimvua samaki wa namna hiyo kama unavyovua dagaa, haponi. Tathmini ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2021 ilikuta zaidi ya theluthi ya aina zote za papa na taa duniani ziko hatarini kutoweka.

Namna ya kuwafuatilia ndiyo iliyonivutia. Kisiwani Mafia kuna potwe, papa mkubwa kuliko samaki wote, na watafiti humtambua mmojammoja kwa picha ya madoa yaliyo ubavuni, nyuma ya matamvua. Kwa vifaa vidogo vya mawimbi ya sauti walivyowafunga, waligundua kwamba potwe wengi hawahami msimu ukiisha. Husogea tu kwenye maji ya kina ambako mtu hawaoni. Na silikanti, yule samaki wa kale aliyedhaniwa kuwa alikwisha pamoja na madinosaria, alijulikana yupo Tanzania mwaka 2003, aliponaswa na wavuvi wa Songo Mnara, Kilwa. Baadaye wakaja kunaswa wengine wengi Tanga, katika majarife yaliyotegewa papa. Mwaka 2009 Tanga ikapata hifadhi ya bahari yenye jina la samaki huyo. Habari hiyo ya silikanti ilianza na mvuvi aliyemwonyesha mtu samaki asiyemfahamu.

Sasa tuje kwetu. Furu tunayemdharau, tunayempa paka, huzaa wachache kama papa, tena yeye huwalea. Mama furu hutaga mayai machache, mara nyingi makumi tu, kisha huyabeba kinywani mpaka watoto waweze kuogelea. Aliyewahi kumnasua furu mwenye koo lililovimba anajua kinachofuata. Furu huyo anatema, na maji yaliyotuama mtumbwini yanajaa vichembe vyenye macho mawili meusi. Sangara yeye hutaga mayai kwa mamilioni na kuyaacha yaelee.

Sangara huyo alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametawala, na kati ya aina 500 au zaidi za furu, mamia zikapotea. Tunajua hivyo kwa sababu timu ya watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, ilikuwa imeanza kuwahesabu furu wa Ghuba ya Mwanza tangu 1977, kabla sangara hajajaa huko. Wangechelewa miaka kumi, hasara ile isingekuwa na hesabu. Wangekuta ghuba tupu na wazee wakisimulia, na nani huwa anaandika masimulizi ya wazee kwenye ripoti?

Hofu yangu sasa ni ningu. Mnamfahamu: mdomo uko chini ya pua, midomo minene, ya kukwangulia ukungu kwenye mawe. Mvua zikianza hutoka ziwani, akapanda mito kwenda kutaga kwenye majani yaliyofunikwa na mafuriko. Watu wakaijua njia yake na majira yake, wakaziba midomo ya mito kwa nyavu, wakawa wanamchukua na mayai yake tumboni. Mito ya upande wa Kenya ilianza kumkosa tangu miaka ya 1950 na 1960. Ripoti ya Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira ya mwaka 2018 kuhusu viumbe wa maji baridi wa bonde la Ziwa Victoria ilimweka ningu katika daraja la hatari kubwa zaidi, yeye pamoja na ngege, sato wetu wa asili. Kamongo naye ilimtaja kuwa anapungua, kwa kuvuliwa kupita kiasi na kwa mabwawa ya matete kugeuzwa mashamba.

Ombi langu basi halihitaji fedha. Ukimpata ningu, ngege, gogogo, hongwe, au furu ambaye hujapata kumwona, mlaze ubavu juu ya jani la mgomba, nyoosha kando yake futi ya fundi cherehani, kichwa hadi mkia, umpige picha kwa simu. Kisha ni wako, kaanga. Picha ipelekwe kwa afisa uvuvi au kwa kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi cha mwaloni, nao waifikishe Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, kituo cha Mwanza. Mama mchuuzi wa sokoni ana nafasi nzuri kuliko mvuvi mmoja: tenga lake limechanganya samaki wa mitumbwi mingi.

Najua kinachowazuia wengi. Nyavu zilizochomwa katika Operesheni Sangara mwaka 2018 hazijasahaulika, na mtu mwenye daftari mwaloni hutazamwa kama ametangulia doria. Wasiwasi huo una msingi, na maafisa wanapaswa kuuondoa kwa vitendo: anayeleta picha asiulizwe tundu la wavu wake siku hiyohiyo. Makokoro na timba vina siku yake na vina sheria yake. Ukivichanganya na utafiti, hutapata picha hata moja, na mimi sitamlaumu mvuvi.

Walimu, ninyi nawaomba jambo jingine. Wapeni wanafunzi kazi ya likizo: kila mmoja awaulize babu na bibi majina ya Kihaya ya samaki waliokuwa wakiliwa nyumbani walipokuwa watoto, walitoka mwalo gani au mto gani, na lini walionekana mara ya mwisho. Daftari moja la darasa likijaa, mtafiti atajua mto wa kuanzia.

Masika huanza Machi, na ningu hupanda na maji ya kwanza. Ukipiga picha, andika tarehe na jina la mwalo au mto. Bila hivyo viwili, picha itamsaidia mtafiti kidogo sana. Na kama samaki ana mayai na bado anapumua, mrudishe majini, upeleke picha peke yake.