Laptopu haishiki Wi-Fi? Tusikimbilie kupiga window

Safu ya Jumamosi
Na Rehema Kilindo

Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, au nafasi za kazi zikitangazwa kwenye Ajira Portal, meza za mafundi kompyuta hujaa laptopu zenye malalamiko yanayofanana. Hii haioni Wi-Fi kabisa. Ile inaiona ila haishiki. Nyingine imeshika, alama ya mawimbi imejaa, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Mwenye laptopu ana haraka kwa sababu siku ya mwisho inakaribia, na fundi ana foleni. Jibu wanalopewa wote watatu mara nyingi ni moja: "Tuipige window," yaani Windows isakinishwe upya.

Window ikipigwa ovyo, diski inafutwa. Ndani ya diski hiyo mlikuwa na tasnifu ya mwanafunzi, hesabu za duka, picha za mzazi aliyekwisha kufariki. Mwenye mali hakuelezwa vizuri kitakachopotea, naye hakujua la kuuliza. Kinachoniuma zaidi ni kwamba mara nyingi hitilafu haikuwa ndani ya Windows, na pengine haikuwa ndani ya laptopu. Nasema bila kuzunguka: kufuta kompyuta ya mtu kwa ajili ya Wi-Fi, kabla ya kujua njia imekatika wapi, ni dhuluma, hata kama aliyeifanya hakukusudia ubaya.

Kutafuta mahali ilipokatika si kazi ya uchawi. Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo wengi wetu tunaviita kwa jina moja. Wi-Fi ni mawasiliano ya redio kati ya laptopu yako na ruta iliyo hapo ndani, au simu inayokugawia bando. Intaneti ni ile inayoingia kwenye ruta kutoka nje. Fikiria tanki la maji juu ya nyumba: bomba la kutoka kwenye tanki hadi jikoni linaweza kuwa zima kabisa, lakini kama tanki ni tupu, utafungua koki mpaka jioni. Laptopu inaposema imeunganishwa lakini hakuna intaneti, mara nyingi inakwambia bomba ni zima. Kumpelekea fundi bomba lisilo na kosa ni kupoteza nauli.

Kipimo cha kwanza unacho mfukoni. Chukua simu, iunge kwenye Wi-Fi ile ile, kisha zima data ya laini. Usisahau kuizima, kwa sababu simu nyingi zikiona Wi-Fi haina intaneti huhamia kimyakimya kwenye data ya laini, nawe utaapa kwamba mtandao upo na laptopu ndiyo mbovu. Simu nayo ikishindwa, iache laptopu. Chomoa ruta kwenye umeme, isubiri kidogo, ichomeke tena, halafu angalia kama bando la nyumbani limeisha au mtoa huduma ana hitilafu. Kuna siku kosa huwa mbali zaidi ya hapo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zinazotuhudumia, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za ukanda huu zikapoteza sehemu kubwa ya mtandao. Aliyepigiwa window siku ile alipigiwa bure.

Simu ikifanya kazi na laptopu ikakataa, sasa tuna haki ya kuishuku laptopu. Hata hapo kuna maswali ya kuuliza kwa mpangilio.

Je, inaiona mitandao yoyote? Kama orodha ni tupu kabisa, tafuta swichi. Laptopu nyingi za zamani, na hizo ndizo zinazojaa kwenye maduka yetu ya mitumba, zina swichi ndogo ya redio ubavuni au kitufe chenye picha ya mnara au ndege kwenye safu ya juu ya kibodi. Mtoto akikigusa, Wi-Fi inazimika na hakuna anayejua kwa nini.

Kama inaona mitandao ya majirani wote isipokuwa wako, jambo ni jingine, na hapa mafundi wengi hukosea. Wi-Fi hurushwa kwenye masafa zaidi ya moja. Ya gigahezi 2.4 huenda mbali na kupenya kuta vizuri zaidi. Ya gigahezi 5 ina kasi lakini huchoka haraka ukutani, sembuse kwenye kuta nene za mawe za Mji Mkongwe. Kadi za laptopu nyingi za zamani zinajua 2.4 tu. Ruta ikiwekwa kurusha 5 peke yake, laptopu hiyo haitaiona hata ukiiweka juu yake. Kadhalika kwa simu: kuanzia iPhone 12, hotspoti hurushwa kwenye gigahezi 5 mpaka mwenye simu aende kwenye mipangilio ya hotspoti na kuwasha kile kitufe cha kuongeza uoanifu. Nimeona watu wakigombana na laptopu nzima kwa ajili ya kitufe hicho kimoja kilichomo kwenye simu ya rafiki.

Lipo na la chaneli. Masafa ya 2.4 yamegawanywa katika chaneli, na huku kwetu ruta zinaweza kutumia ya 1 hadi ya 13. Marekani kwa kawaida hutumia ya 1 hadi ya 11, na laptopu nyingi zilizotengenezwa kwa soko la huko hazisikilizi ya 12 wala ya 13. Sasa nunua laptopu ya mtumba iliyotoka Marekani, ruta yako ijichagulie chaneli ya 13, na utakuwa na mashine inayoshika Wi-Fi dukani, kazini na kwa shangazi, ila si nyumbani kwako. Dawa ni kuingia kwenye ruta na kuipangia chaneli ya 1, 6 au 11. Diski haiguswi.

Kama laptopu inaiona Wi-Fi lakini haishiki, isahaulishe mtandao huo na uandike neno la siri upya, hasa ikiwa kuna aliyelibadilisha. Kama hotspoti ni ya simu, angalia idadi ya vifaa vilivyokwisha kujiunga, maana simu huweka kikomo. Kama ruta ni mpya na laptopu ni ya zamani, angalia aina ya ulinzi: ruta iliyofungwa kwa WPA3 peke yake huzikataa kompyuta zisizoijua, na kuirudisha kwenye WPA2 au mchanganyiko wa mbili hizo hutosha.

Imeshika na haifungui? Fungua dirisha jeusi la amri, andika ipconfig, utazame anwani iliyopewa kompyuta. Ikianza na 192.168 au 10, ruta imeipokea. Ikianza na 169.254, laptopu imejipa anwani yenyewe baada ya kuomba na kukosa jibu. Tatizo ni kati yake na ruta, na mara nyingi kuwasha upya vyote viwili kunamaliza. Anwani ikiwa nzuri, tazama VPN. Watu wengi walisakinisha VPN ya bure, wakaisahau, nayo imesimama mlangoni ikizuia kila kitu. Vilevile kwenye hoteli, vyuo na viwanja vya ndege kuna ukurasa wa kujiandikisha ambao lazima uufungue kwanza, na kama haujitokezi wenyewe utaona Wi-Fi imejaa na mtandao hakuna.

Kuna kosa moja ambalo ningependa kila mwenye laptopu ya zamani alijue, kwa sababu linatibika kwa bei ya betri ya saa. Tazama tarehe iliyo pembeni ya kioo. Ndani ya laptopu nyingi kuna betri ndogo bapa, mara nyingi ya aina ya CR2032, inayotunza saa mashine ikiwa imezimwa. Ikifa, na betri kubwa ikiisha chaji, kompyuta huamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita. Tovuti salama hujitambulisha kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kwa kompyuta iliyorudi nyuma, vyeti vyote vya leo havijaanza kutumika, basi inazikataa tovuti za benki, za barua pepe na za serikali, moja baada ya nyingine. Rekebisha tarehe, kila kitu kinafunguka. Ukipiga window bila kubadilisha betri, kesho kutwa tatizo limerudi.

Na bando? Windows ikiona Wi-Fi ya hotspoti, haijui kwamba unalipia kila megabaiti. Inaanza kupakua masasisho nyuma ya pazia, na bando la wiki linaisha huku umefungua barua moja. Kisha mwenye simu anasema laptopu yako ina virusi. Kwenye mipangilio ya mtandao huo kuna sehemu ya kuuweka kuwa wa kulipiwa kwa kipimo. Iwashe mara moja kwa kila hotspoti unayotumia.

Sasa nije kwenye yale ambayo mteja hawezi kuyaona, na fundi anapaswa kuyakiri. Antena za Wi-Fi kwa laptopu nyingi hazimo chini ya kibodi, zimezunguka kioo. Nyaya zake nyembamba, aghalabu nyeusi na nyeupe, hupita kwenye bawaba na kushuka hadi kwenye kadi, zikishikwa na vichwa vidogo vya shaba ambavyo hata kucha inaweza kuving'oa. Laptopu ikianguka na bawaba ikavunjika, nyaya hizo hubanwa au kukatika. Kioo kikibadilishwa, zinaweza kupitishwa vibaya. Ikifunguliwa kusafishwa vumbi au kuongezwa RAM, waya mmoja unaweza kubaki unaning'inia. Dalili yake haifichiki: mawimbi yanajaa ukiwa karibu kabisa na ruta, na ukihamia chumba cha pili yanapotea, wakati simu kwenye kiti hicho hicho inafanya kazi. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi liwe: "Dada, hii mashine imefunguliwa karibuni?" Kama jibu ni ndiyo, bisibisi ndiyo ya kutafutwa, si CD ya Windows. Na aliyeifungua aifunge vizuri bila kudai malipo ya pili.

Hata diski ya nje inaweza kuwa mchawi. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilichapisha maelezo yanayoonyesha kwamba vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele za redio kwenye masafa yale yale ya gigahezi 2.4. Kama Wi-Fi hulegea kila unapochomeka diski fulani, ihamishie upande wa pili wa laptopu kabla ya kumlaumu yeyote.

Nikubali kwamba Windows nayo hukosea. Sasisho linaweza kuleta draiva isiyoelewana na kadi, na mipangilio ya kuokoa umeme inaweza kuizima kadi ukiacha kuandika kidogo. Yote mawili hurekebishwa ndani ya Device Manager: rudisha draiva ya awali, au ondoa ruhusa ya kompyuta kuizima kadi hiyo. Yakishindwa, Windows ina amri yake ya kuweka upya mtandao, inayofuta maneno ya siri ya Wi-Fi na kuacha mafaili yako yote mahali pake. Hebu tuangalie pia kinachotokea baada ya kupigwa window: mara nyingi Windows mpya inakuja bila draiva ya kadi ile, na mteja anarudishiwa laptopu tupu ambayo bado haioni Wi-Fi. Hapo unganisha simu ya Android kwa kebo ya USB, washa kugawa mtandao kwa USB, na kompyuta itaipokea kama mtandao wa waya. Pakua draiva kutoka tovuti ya aliyetengeneza laptopu, si kutoka tovuti za ovyo zinazodai kukutafutia draiva zote kwa mpigo.

Ninachowaomba wauzaji wa laptopu za mitumba ni kidogo: waziwashe mbele ya mnunuzi na kuziunga kwenye Wi-Fi, ya 2.4 na ya 5, kabla ya kupokea pesa. Wenye steshenari nao wabandike ukutani kikaratasi siku mtandao wao unapokatika, ili mtu asitoke pale akidhani ameharibikiwa na kompyuta.

Na fundi anayeshikilia kwamba lazima window ipigwe, mwombe kwanza aiwashe laptopu yako kwa flashi yenye Linux, mathalani Ubuntu, katika hali ya kujaribu bila kusakinisha. Haigusi diski. Wi-Fi ikishika humo, kadi na antena ni nzima na hitilafu imo ndani ya Windows. Hapo hoja yake ina mashiko, naye anakili mafaili yako kwenye diski nyingine mbele yako, unayafungua machache kuhakikisha, ndipo anaanza. Isiposhika, bado si hukumu, kwa kuwa Linux nayo inaweza kukosa draiva ya kadi hiyo. Chomeka adapta ndogo ya Wi-Fi ya USB, hata ya kuazima. Laptopu ikishika kupitia adapta, bakia nayo, na uendelee kujaza fomu yako.