Kwa nini kuhama wingu ni vigumu kuliko kuingia?

Kuanzia Januari 12, 2027, kampuni zinazotoa huduma za wingu katika Umoja wa Ulaya hazitaruhusiwa kumtoza mteja ada kwa sababu anahamia kwa mshindani. Ndivyo inavyoagiza Sheria ya Data ya umoja huo, iliyoanza kutumika Septemba 12, 2025. Swali letu ni hili: ada ikiondolewa, je, mteja atakuwa huru kuhama?

Wingu, licha ya jina lake, liko ardhini. Ni seva zilizopangwa kwenye majengo makubwa yanayoitwa vituo vya data, na mteja hukodi nafasi na nguvu ya kompyuta badala ya kununua mitambo yake. Kwa kawaida kuingiza data ni bure. Kuzitoa ndiko kunakolipiwa, tena kwa kila gigabaiti. Benki au hospitali yenye kumbukumbu za miaka mingi hujikuta na bili nzito siku inapotaka kuondoka.

Mamlaka ya ushindani wa kibiashara ya Uingereza ilichunguza soko hilo na kutoa uamuzi wake Julai 2025. Iligundua kuwa Amazon na Microsoft kila moja inashikilia kati ya asilimia 30 na 40 ya soko la nchi hiyo, na kwamba wateja wanaohama kwa mwaka hawafiki asilimia 1.

Kampuni zenyewe zimelegeza kidogo. Google ilitangaza Januari 2024 kuwafutia ada ya kutoa data wateja wanaoondoka kabisa. Amazon na Microsoft zikafuata Machi mwaka huo.

Kufuli la pili

Hata hivyo, ada ni kufuli moja tu. La pili limo ndani ya programu zenyewe. Mfumo uliojengwa juu ya hifadhidata na zana za kampuni moja haufanyi kazi kwa nyingine bila wahandisi kuuandika upya sehemu kwa sehemu. Wakati huo huduma haipaswi kusimama, hivyo mteja hulipia mawingu mawili kwa pamoja kwa miezi kadhaa.

Sheria ya Ulaya inagusa hilo kwa kiasi: notisi ya kuhama isizidi miezi 2, na uhamisho ukamilike ndani ya siku 30, isipokuwa pale sababu za kiufundi zinapolazimisha muda mrefu zaidi. Lakini hakuna sheria inayoweza kuwaandikia wahandisi programu mpya.

Hatari ya kubaki mahali pamoja ilionekana Oktoba 20, 2025. Hitilafu katika vituo vya Amazon vya jimbo la Virginia, Marekani, iliangusha kwa saa kadhaa huduma nyingi duniani.

Na Afrika Mashariki?

Sheria hiyo inawalinda wateja walioko Umoja wa Ulaya. Kwa taasisi ya Nairobi au Dar es Salaam, ulinzi mkubwa ni mkataba. Tunaona maswali yafaa kuulizwa kabla ya kutia saini: data zitatoka kwa muundo gani, kwa muda gani, na kwa gharama ya nani? Anayeuliza siku ya kuondoka huwa amechelewa.